Kamera ya filamu: sevisi kila mwaka ya nini?

Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Hata iliyo changa sasa ni mzee, na kinachoichosha zaidi ni kukaa kabatini. Grisi hukauka, gia za kasi za chini za shata (mapazia mawili yanayofungua na kufunga mwanga) zikaanza kuburuta. Hilo halifuati kalenda, kwa hiyo sioni sababu ya kuifungua kila mwaka. Ipime kila mwaka, ndiyo.

Fungua mgongo bila filamu, weka kasi ya sekunde 1, fyatua huku simu inarekodi sauti. Ikichukua sekunde 1.25 ni theluthi ya stopu tu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu), filamu ya negativu inavumilia. Ikikwama wazi, ipeleke kwa fundi. Kisha vua lenzi, elekeza kamera kwenye ukuta uliopigwa na jua, fyatua kwa 1/1000 ya sekunde ukitazama kwa nyuma. Fremu yote ing'ae sawasawa. Upande mmoja ukiwa na giza, pazia la kwanza limechoka, la pili linalifukuzia na mwanya unabanwa njiani. Kwenye picha utaiona anga ikififia upande mmoja kwa 1/1000, ilhali kwa 1/125 iko safi.

Usipulizie mafuta ya kulainisha ndani! Yatatambaa hadi kwenye mapazia ya kitambaa na kunasa vumbi.

Sponji inayozuia mwanga mlangoni na kupokea kioo ndiyo pekee ninayosema ibadilishwe hata kamera ikiwa nzima, maana ikizeeka huwa kama lami. Ing'oe kwa kijiti cha meno kilicholowa spiriti kidogo, mgongo ukitazama chini, mabaki yasiangukie pazia. Kwenye mifereji ya mlango uzi mweusi wa sufu unatosha. Ile inayopokea kioo kinaporuka iwe na unene uleule wa zamani. Ikizidi, kioo hakipandi chote.

Kwa walio Mombasa au Zanzibar, kuvu ya lenzi inatangulia grisi. Achana na mkoba wa ngozi, unatunza unyevu. Tumia kopo linalofunga vizuri, lenye silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu.

Na fundi akiifungua, atazame skrubu: ni za JIS, yaani kipimo cha Kijapani, bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kuzila vichwa. Mwombe vipimo vya kasi zote, kabla na baada.