Jioni ya Kuwatazama Virukanjia Nyikani

Tulikusanyika kwenye nyika ya vichaka vifupi jua likizama, kwa kuwa kirukanjia wa Ulaya, ndege wa usiku ambaye hupitisha majira ya baridi Afrika kusini mwa Sahara na kurudi kaskazini kuzaliana, haanzi kuruka mpaka giza linapoingia. Kiongozi wetu alitusihi tusiache njia, nami naliona agizo hilo kuwa la haki kabisa: jike hutaga mayai, kwa kawaida mawili, juu ya ardhi tupu bila kujenga kiota, na manyoya yake ya rangi ya majani makavu humficha hata kwa mtu aliye hatua chache tu.

Kisha dume akaanza. Mlio wake ni mngurumo mkavu unaoweza kuendelea kwa dakika kadhaa, mfano wa cherehani inayosikika kutoka mbali, nao hupanda na kushuka anapogeuza kichwa. Aliponyamaza aliruka juu ya vichaka akizigonganisha mbawa zake, na mabaka meupe ya mbawani na mkiani, ambayo jike hana, yakaonekana bila darubini. (Taa za simu, tafadhali, zibaki mfukoni.) Baadaye alipita karibu nasi akiwinda nondo kwa kinywa kipana ajabu kwa ndege mwenye mdomo mdogo kiasi kile.