Mpiga gitaa anaposhika udi

Mpiga gitaa akipewa udi, ala ya nyuzi ya muziki wa Kiarabu, huanza kuhofia mkono wa kushoto, maana shingo haina freti, yaani vipande vinavyoonyesha mahali pa kila sauti. Tabu kubwa zaidi iko mkono wa kulia.

Risha ya udi, kipande cha kupigia nyuzi, ni ndefu. Hupita ndani ya kiganja, ncha ikatokeza kati ya kidole gumba na cha shahada, na kifundo cha mkono hupinda mpaka risha ikalala karibu sambamba na nyuzi. Pigo la chini hutoka kwenye kifundo, kwa uzito wa mkono, na risha hutua juu ya jozi ya nyuzi inayofuata. Aliyezoea kupiga chini-juu, chini-juu bila kukatiza huendelea hivyohivyo hata anapohama jozi, na ladha ya udi hupotea hapo. Ukihama jozi, anza na pigo la chini, hata kama limetoka kupigwa jingine la chini. Zoezi hili lifanye kwa nyuzi wazi kabla ya kugusa makamu (mfumo wa sauti wa muziki wa Kiarabu) yoyote. Linachosha, lakini halina mbadala.

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi 5 na besi moja iliyo peke yake. Mtindo mmoja wa Kiarabu wa kutyuni, kuanzia besi, ni do, fa, la, re, sol, do. Kila hatua ni ya nne (nota nne ukihesabu zote mbili za mwisho, kama do hadi fa) isipokuwa fa hadi la, ambayo ni ya tatu. Kwenye gitaa hatua hiyo ya tatu iko upande wa nyuzi nyembamba, kati ya sol na si. Hapa imehamia upande wa besi, kwa hiyo maumbo ya skeli yaliyokaririwa hayafai tena.

Sasa makamu. Katika makamu ya Rast inayoanzia do, mi na si hushuka takriban robo toni, yaani nusu ya hatua ya freti moja ya gitaa. Udi wenye uzi wa sm 61 kutoka kizingiti cha shingo hadi daraja, kwenye jozi ya re, una mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu toni) yapata sm 3.4 kutoka kizingiti, mi ya kawaida sm 6.7, na mi ya Rast karibu sm 5. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu: katika makamu ya Bayati inayoanzia re, mi hukaa chini kidogo kuliko ya Rast, ingawa nota huziandika kwa alama ileile. Nyuzi wazi zikishakaa sawa, mashine ya kutyuni izime. Imba sauti kwanza, ndipo kidole kiitafute.

Mpiga fidla haogopi shingo tupu, ila mtetemo wake mpana wa kidole huifuta robo toni hiyohiyo anayoitafuta. Tena amezoea uzi mmoja. Kidole kikiegea upande, uzi mmoja wa jozi hulia vizuri na mwenzake hukwaruza. Bonyeza kwa ncha, karibu na ukucha.

Kodi za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, ziache kabisa, kwa kuwa mi ya Rast haipatani nazo. Ukihitaji kitu cha kuibeba melodia, piga besi ya do mwanzoni mwa kila kifungu na uiache ivume.