1NZ ya Probox: alama zote zimekaa, kodi ya hitilafu P0016 imegoma kutoka (sasa imetoka)

Imetoka bwana. Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, haitetemeki tena mpaka kioo cha pembeni kinacheza, taa ya cheki injini imezima na nimezunguka nayo mjini, nimepanda nayo mlima na mzigo nyuma, haijarudi. Naandika haraka kabla sijasahau maana hii kitu ilininyima usingizi na kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile.

Ovahoo yenyewe, yaani kuifungua injini yote na kuifanyia matengenezo, siielezi sana, ni 1NZ-FE ya kawaida, injini ya Toyota, ilikuwa inakula oili, ringi zimechoka, nikashusha, nikapiga ringi mpya, nikasaga valvu, hedi ikapimwa ikaonekana iko flati. Kitu kimoja tu cha ziada, gia ya VVT-i (mfumo unaotanguliza au kuchelewesha kufunguka kwa valvu) ya zamani ilikuwa inalia krrrr asubuhi ukiwasha ikiwa ya baridi, wenye NZ wanaijua hiyo sauti, kipini cha kufungia ndani kimekwisha. Nikanunua kamshafti ya intake (shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa) na gia yake ya kuvua, zimekuja pamoja kama zilivyotoka kwenye injini nyingine. Kumbukeni hapo.

Taimingi, yaani mpangilio wa cheni kati ya krenki na kamshafti, nikaweka kama kawaida, ufunguo wa krenki umekaa, pingili tatu za rangi kwenye cheni, mbili juu kwenye alama za gia za kamshafti na moja chini kwenye spoketi ya krenki, tenshina (kikaza cheni) nimeikandamiza nikaichomeka kipini, nikafunga reli za kuongozea cheni, nikachomoa kipini, cheni ikakaza. Nikazungusha krenki kwa mkono raundi mbili, hakuna kinachogonga, alama za gia zimerudi zinatazama juu, kava ikafungwa, puli ikakazwa 128 Nm kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Safi kabisa.

Ikawaka kwa stata ya kwanza, nikashangilia, baadaye kidogo ikaanza kutetemeka, sailensa inashuka inataka kuzima, ukikanyaga mafuta inakuwa nzuri, ukiachia inarudi kukohoa. Skana: P0016. Yaani krenki na kamshafti hazielewani.

Sasa hapo ndipo kila mtu anakuwa fundi. "Cheni imeruka jino moja." "Fungua kava upange upya." Nikafungua kava ya valvu tu, nikaleta pistoni namba moja juu, mstari wa puli kwenye sifuri, nikachungulia: alama za gia zote mbili zimekaa sawasawa, hata unywele haujapita. Jamaa yangu mmoja akaja, akaangalia akasema umeona, pingili za rangi haziko kwenye alama, ndo imeruka hiyo! Aisee. Hili naomba nilisemee kwa sababu nimeona watu wanashusha injini kwa ajili yake. Pingili za rangi ni za wakati wa kufunga tu. Gia za juu zina meno mara mbili ya spoketi ya krenki, kwa hiyo krenki ikizunguka mara mbili alama za gia zinarudi nyumbani, lakini cheni yenyewe ina pingili zake na hesabu yake haigawanyiki sawa na hiyo mizunguko, inasogea kila raundi, kwa hiyo pingili ya rangi itakuwa imeshatembea huko, na itachukua mizunguko mingi sana mpaka zote tatu zirudi pamoja. Ukishachomoa kipini cha tenshina ukazungusha, sahau rangi, angalia alama za gia na puli basi.

Kwa hiyo nikagoma kufungua kava ya mbele. Silikoni ya kuziba kava ilikuwa imekauka vizuri, maunti ya kulia (kishikio cha injini) imefungwa, pampu ya maji imefungwa, siwezi kurudi kule kwa maneno matupu.

Nikabadilisha sensa ya kamshafti na ya gari nyingine inayotembea vizuri. Bado. Sensa ya krenki, bado. Nikachomoa plagi ya OCV, ile valvu inayoongoza oili ya VVT-i. Mantiki yake ni kwamba OCV ikikosa umeme springi inaisukuma upande wa kuchelewesha, kwa hiyo kamshafti ya intake inatakiwa irudi nyuma mpaka mwisho na sailensa itulie. Haikutulia hata kidogo, kutetemeka kule kule. Hapo nikajua shida haiko kwenye umeme na haiko kwenye OCV, kuna kitu hakirudi.

Nikakaa nikaangalia nundu za kamshafti, zile zinazosukuma valvu, badala ya alama. Pistoni namba moja juu kwenye kompresheni, nundu za exhaust na za intake za silinda ya kwanza unajua zinavyotakiwa kukaa, zimepishana kila moja upande wake. Za intake zilikuwa zimelala zaidi, zimetangulia. Gia iko sawa, kamshafti iliyo ndani ya gia haiko sawa! Nikashika kamshafti kwa spana pale kwenye sehemu yenye pembe sita, nikajaribu kuisogeza taratibu: inacheza kidogo halafu inagota, na hairudi mpaka ile sehemu ya kujifunga. Gia ya VVT-i iliyo nzima, injini ikizimwa inatakiwa iwe imerudi nyuma kabisa na kipini kimeingia kwenye tundu lake, ukiigeuza kwa mkono iwe kama kitu kimoja na kamshafti. Yangu ilikuwa imekwama katikati.

Na alama imechongwa kwenye ganda la nje, linalovutwa na cheni. Mabawa ya ndani ndiyo yamefungwa na kamshafti. Ndo maana ungepanga cheni hata mara mia, alama zingekuja zote na P0016 ingebaki pale pale, kompyuta inasoma kamshafti, haisomi ganda.

Kuitoa gia bila kugusa kava ya mbele inawezekana, 1NZ ina kile kitundu chenye plagi ya skrubu pembeni ya kava, unapitisha bisibisi unainua kile kibati cha tenshina huku unageuza kamshafti kidogo cheni iisukume tenshina ndani, halafu unachomeka waya mgumu kwenye tundu lake unaufunga na tepu. Kwanza nilipiga rangi nyeupe kwenye cheni na gia zote mbili, nikaifunga cheni juu kwa waya isije ikadondoka kwenye spoketi ya chini, maana ikidondoka huko kava inafunguliwa ukipenda usipende. Wenye 1ZZ mna raha, tenshina yenu inatoka kwa nje, unaifungua umemaliza.

Gia nikaifungua kwa udadisi. Ndani: vipande vya silikoni vimekauka, vigumu kama kucha, kimoja kimekaa kwenye chumba, upande ambao bawa linarudia likichelewesha, na kingine kimeziba tundu la kipini. Injini ilikotoka hii gia kuna mtu alimwaga silikoni kwenye kava kama anapaka plasta ukutani, ikabonyea ndani, ikakatika, ikaingia kwenye oili. Jamani uzi mwembamba unatosha! Inayobonyea nje unaiona unaifuta, inayobonyea ndani hauioni. Na mimi tangu hapo silikoni ya bei rahisi ya nyekundu sitaki kuisikia, natumia nyeusi inayokubali oili, na nafuta kwa petroli pande zote mbili kwanza.

Gia ya pili, ya kuweka badala yake, niliipima kabla ya kuifunga. Unafunga matundu ya oili kwenye jono ya kamshafti (sehemu laini inayozungukia kwenye beringi) kwa tepu, unatoboa la upande wa kutanguliza, unapuliza upepo wa kama 1.5 bar, nilienda kwa fundi pancha kwa sababu kompresa yake ina geji inayosema ukweli. Weka tambara, oili inaruka usoni. Ikajifungua, ikaenda mbele laini, nikairudisha kwa mkono, tak, ikajifunga. Bolti yake 64 Nm, kamshafti ikishikwa na spana, sio kwa kuzuia cheni. Na hapa toki renchi nimebadilisha mawazo, ile ya mshale niliyokuwa naidharau inanipa uhakika kuliko ya kubofya niliyonunua bei mbaya, ya kubofya ukishaidondosha mara moja humwamini tena.

Nilipanga baada ya hapa nisafishe throto na kubadilisha bushi za mbele, ila ile gia mbovu bado iko mezani na nimepata pleksi ya uwazi (plastiki ngumu kama kioo) kutoka kwa jamaa wa mabango. Nataka nikate kifuniko chake, nifunge pleksi, nipulize upepo niyaone mabawa yanavyotembea. Shida ni kwamba kifuniko ndicho kimebeba tundu la kipini, kwa hiyo nafikiria nikate upande mmoja tu. Bushi zitasubiri.