Uduvi, Nyangumi na Chuma cha Bahari ya Kusini

Meli yetu iliondoka Ushuaia, Argentina, ikavuka Mlango-bahari wa Drake uliotutapisha wengi, na hatimaye ikaingia kwenye maji matulivu ya Gerlache, kando ya Rasi ya Antaktika. Tulikuwa na hamu ya nyangumi, lakini mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyefuatana nasi alianza kwa kutuonyesha krili, wa jamii ya uduvi, akiogelea ndani ya chupa. Alikuwa na urefu wa sentimita 5 hivi, macho meusi, na mwili mwangavu ulioacha utumbo wake uonekane, ukiwa wa kijani kwa sababu ya mimea midogo mno ya baharini aliyokuwa ameila.

Alasiri walitokea nyangumi wenye nundu. Walizunguka chini ya maji wakitoa mapovu, ambayo yalipanda na kuwafungia krili katika duara. Kisha wakaibuka vinywa wazi, wakayachuja maji kupitia nywele ngumu zinazoning'inia kwenye ufizi wa juu. Nyangumi wa buluu, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021, anaweza kula tani 16 za krili kwa siku.

Mmoja wa wale nyangumi wenye nundu alipojisaidia, wingu la rangi ya matofali lilitanda juu ya maji, na harufu yake, niseme kweli, haikuwa ya kuvumilika. Hata hivyo, hilo ndilo lililonivutia kuliko yote. Bahari ya Kusini ina virutubisho vingi ila madini ya chuma ni haba, na bila chuma mimea ile midogo haistawi. Nyangumi huwala krili, mara nyingi kwenye kina, kisha hurudisha sehemu ya chuma kilichomo miilini mwa krili hao karibu na uso wa bahari, penye mwanga, ambako mimea hukitumia na krili wakapata chakula.

Katika Kisiwa cha Deception tuliyapita matangi yenye kutu ya kiwanda cha mafuta ya nyangumi kilichofungwa mwaka 1931. Katika karne ya 20, nyangumi takriban milioni 2 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Wapo waliotazamia kwamba krili, wakikosa wa kuwala, wangefurika. Hawakufurika, na wanasayansi kadhaa wanaona kwamba kupotea kwa mbolea ya nyangumi ni miongoni mwa sababu.