PDF iliyogoma kufunguka

Jana usiku kijana mmoja anayejifunza Python (lugha ya kuandikia programu) kanitumia ujumbe: "Kaka, faili limeshuka ila halifunguki." Nikamwambia anionyeshe kodi (ya kompyuta, si ya nyumba). Mistari mitano tu. Katumia requests (maktaba ya Python ya kuvuta vitu mtandaoni), kachukua r.text (jibu la seva likiwa maandishi), halafu kahifadhi kwa "w" (kuandika maandishi). Nikajua nimemkamata mchawi. PDF si maandishi, ni baiti (data ghafi). Ukiilazimisha iwe maandishi unaivuruga. Tukaweka r.content (jibu likiwa baiti) na "wb" (kuandika baiti). Akaiendesha tena.

Bado!

Hapo nikakaa vizuri. Nikamwambia alifungue faili kwenye kihariri cha maandishi cha kawaida anisomee herufi za mwanzo kabisa. PDF halisi huanza na %PDF. Lake lilianza na <!DOCTYPE html>. Huo ni mwanzo wa ukurasa wa wavuti. Kumbe muda wote alikuwa anapakua ukurasa wenye kitufe cha kupakulia, si faili lenyewe! Na seva ilikuwa inajibu 200 (yaani "yote sawa") kwa raha zake, kwa hiyo hata raise_for_status(), inayopiga kelele seva ikijibu kosa, isingemwokoa. Nilicheka, maana kosa hilihili liliwahi kunikesha.

Akabofya kulia kwenye kitufe, akanakili kiungo chenyewe, akakiweka kwenye kodi, faili likafunguka. Hata pongezi sijampa, kauliza: "Na likiwa la GB 3?" Nikamtumia stream=True na iter_content, lishuke vipande vipande bila kujaza memori. Na aweke timeout (kikomo cha kusubiri), la sivyo requests inaweza kusubiri hadi asubuhi.

Kajibu "sawa kaka" saa nane usiku. Leo nasinzia kazini.