Pozi la maiti, kiroba cha maharage na usiku mmoja wa Julai

Mimi ni fundi cherehani hapa soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa kumi na mbili sasa nainamia vitambaa. Nalitaja hilo mwanzo ili mtu asidhani niliingia kwenye yoga kwa kuiga mambo ya mtandaoni. Kilichoniingiza ni mgongo. Ilikuwa Machi, mimba ina miezi mitano, nikainuka kwenye stuli nimpe mteja gauni lake, nikakwama katikati. Si chini, si juu. Mteja anasubiri gauni, mimi nasubiri mgongo.

Ilikuwa mimba ya pili. Uzazi wa kwanza sipendi kuusimulia. Nilianza kupiga kelele tangu getini mwa hospitali, nikasukuma pale nilipokatazwa kusukuma, na wakati wa kusukuma kweli ulipofika nilikuwa nimekwisha, kama simu iliyobakiwa na asilimia moja. Kwa hiyo safari hii nilikuwa na mizigo miwili, mgongo na woga, na wa pili ndio uliokuwa mzito.

Sokoni ukishaonekana na tumbo, kila mtu anageuka mkunga. Muuza vitenge alinikataza kunyanyua mikono, eti mtoto atajinyonga na kitovu. Mimi ambaye majora yangu yote yako shelfu ya juu! Shoga yangu wa meza ya pili akasema nipande mlima Loleza mwezi wa tisa ili njia ifunguke. Mwingine akaniletea chupa ya dawa ya mizizi, ninywe uchungu ukianza ili uende haraka. Hiyo ndiyo iliyonikera mpaka leo. Dawa haina kipimo, anayekupa hajui mtoto amekaaje, na uchungu ukilazimishwa kupita kiasi kizazi kinaweza kupasuka. Niliimwaga mtaroni na chupa nikairudisha ikiwa imeoshwa, kwa adabu.

Nina mteja mmoja ni nesi wa wodi ya wazazi. Nilipomweleza habari ya mikono na kitovu alicheka mpaka akashika meza. "Mtoto ndiye anayebiringika mwenyewe humo ndani mpaka anajizungushia. Mikono yako haijaunganishwa na kitu." Yeye ndiye aliyenitajia yoga. Alisema, "Tafuta mazoezi ya yoga ya wajawazito." Mimi nikalibeba neno yoga, la wajawazito nikaliacha palepale mezani.

Nikanunua bando, nikafungua video ya kwanza iliyojitokeza. Dada yuko ufukweni, tumbo bapa kama ubao wa kukatia mboga. Mimi niko nyumbani Ilomba, asubuhi, baridi, soksi za sufu miguuni, juu ya mkeka wa plastiki, na sakafu nimeisugua nta Jumamosi iliyopita mpaka unajiona. Mwenye akili ameshajua kilichofuata. Pozi la tatu mtu anajipinda kama mbwa anayejinyoosha, mikono chini, makalio juu. Mkeka ukaenda kusini, soksi zikaenda kaskazini, nikashuka taratibu mpaka nikawa kama chura aliyekanyagwa. Nashukuru nilishuka kwa magoti, si kwa tumbo.

Sikukata tamaa, nina kiburi. Nikaruka mpaka mwisho wa video, pale wanapolala chali na kufumba macho. Pozi hilo linaitwa pozi la maiti, ndilo jina lake hasa tangu huko India. Nikalala. Dakika za kwanza raha tupu. Kisha jasho jembamba likanitoka usoni, masikio yakaanza kuvuma, nikahisi chumba kinaondoka. Nataka kuinuka, mwili hautaki.

Hapo ndipo mama mkwe wangu akafungua mlango, katoka Tukuyu na gari la asubuhi, mkungu wa ndizi begani. Ananikuta nimelala chini, uso umepauka, mikono nimeitupa huku na huku, na simu inaongea Kiingereza peke yake.

"Mwanangu! Nini hiki?"

Nami, kwa sababu kichwa hakikuwa changu, nikamjibu ukweli: "Ni pozi la maiti, mama."

Mkungu ulianguka. Zile ndizi tulizila zimechubuka wiki nzima. Nilichoshukuru tu ni kwamba hakuja na baba mkwe. Kwa mila ya Kinyakyusa ya zamani mkamwana hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe ni mwiko, sembuse yeye kunikuta nimetandazwa sebuleni na soksi.

Nesi aliposikia alinigombeza kama mtoto. Mimba ikishavuka nusu, alisema, ukilala chali muda mrefu kizazi kinaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo kizunguzungu chenyewe. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza. Usilalie tumbo, usijipinde kiuno kama unakamua nguo, usirukeruke. Na usijivute mpaka mwisho, maana mwilini mwa mjamzito kuna homoni inaitwa relaksini inayolegeza viungo, kwa hiyo unaweza kujiona mlaini kama mwanasarakasi kumbe unajitegua. (Hilo nilijifunza kwa vitendo. Nilitanua mapaja kwa sifa siku moja, wiki nzima nikawa napanda bajaji kwa upande kama nimevaa sketi ya kubana.) Akaniuliza kama nimewahi kutokwa damu, kama presha iko sawa kwenye kadi, kama kondo la nyuma halijakaa chini. Ukiwa na tatizo katika mojawapo ya hayo usianze kwa kusoma habari zangu, nenda kliniki kwanza.

Nyumbani kesi haikuisha. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, na yoga kwake ilikuwa ni mizimu ya Kihindi. Mume wangu akajifanya wakili, akamwonyesha kwenye simu kwamba Umoja wa Mataifa wenyewe uliitengea yoga siku yake mwaka 2014, tarehe 21 Juni. Mama akamtazama. "Hao Umoja wa Mataifa ndio watakaokuja kumzalisha?" Wakili akakaa.

Kilichomlainisha ni kuona kwa macho. Kuna zoezi wanaliita paka na ng'ombe: unapiga magoti na viganja chini, unavuta pumzi mgongo ukilegea, unatoa pumzi ukiupandisha kama paka aliyeona mbwa. Alinitazama kama mara kumi hivi, akasema, "Kumbe ni kudeki bila tambara." Nikachuchumaa. "Na huko ni kupukuchua maharage." Akaondoka zake jikoni. Kesi ikafungwa.

Na alisema kweli. Bibi yangu alikuwa anachuchumaa hivyo saa nzima akichambua mboga, akiinuka goti halilii. Sisi tumezaliwa na stuli, kochi na vyoo vya kukalia, tukifika miaka thelathini kuchuchumaa tunalipa bando tufundishwe.

Shida yangu ilikuwa kuchuchumaa bila kudondoka nyuma, maana tumbo linakuvuta na visigino havigusi chini. Kwenye video wana matofali maalumu na mito mirefu migumu. Niliulizia mjini, bei ikanifanya nicheke, elfu arobaini na kitu kwa mto. Nikaenda stoo. Kulikuwa na kiroba cha maharage ya Uyole, kimebaki kama kilo ishirini. Nikakifunga vizuri, nikakivika foronya niliyoishona kwa mabaki ya kitenge, nikakiegemeza ukutani. Jamani, kile kiroba! Maharage yanajipanga kwa umbo lako. Unakikalia umechuchumaa nusu, kinakubeba bila kukusukuma. Unakikumbatia umepiga magoti yaliyoachana, tumbo linaning'inia katikati, shavu juu ya kitenge, mgongo unasema asante. Usiku unakiweka katikati ya magoti ukilala ubavu, ila hapo mume wangu alilalamika kwamba kitanda kina mtu wa tatu. Halafu nikafunga shuka la kimasai kwenye nondo za dirisha, fundo kubwa, nikawa nashika ncha mbili nikichuchumaa. Jaribu nondo kwanza kwa kujivuta. Zangu zilikuwa imara, za jirani zimeegeshwa tu.

Soksi nilivua. Mkeka nikaulaza juu ya blanketi lililolowanishwa kidogo, ukatulia.

Juni ikaja na baridi yake, ile ya Mbeya ambayo ukiongea unaona maneno. Nikafanya ujinga wa pili, na huu hauchekeshi. Niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha nipate joto la kufanyia mazoezi. Baada ya robo saa kichwa kilikuwa kinapasuka. Mume wangu alifungua mlango akalitoa jiko nje bila kusema neno, na nilipoona uso wake nilielewa. Moshi wa mkaa usiouona unaua, na aliye tumboni anavuta kile kile unachovuta wewe. Tena joto kali lenyewe halimfai mjamzito. Baada ya hapo nilivaa sweta na kufanya saa saba mchana, cherehani zikipumzika. Nusu saa, siku tano kwa wiki. Nesi alisema Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili, nikapiga hesabu, nikajiona mwanafunzi bora.

Mgongo ulitulia ndani ya wiki tatu, nne hivi. Haukupona, ulitulia. Usingizi ukarudi. Lakini kilichonilipa zaidi ni pumzi, na nilikuwa naiona ni mchezo. Unaingiza kwa pua ukihesabu tatu, unatoa kwa mdomo ukihesabu tano, polepole, kama unapuliza chai ya moto mbele ya wageni. Nilikuwa nafanya hivyo nikikunja pindo za sare za harusi. Nesi akaniambia uchungu ukishakolea, mkazo mmoja huchukua kama dakika moja. Tatu na tano ni nane, kwa hiyo dakika ni pumzi saba au nane. Ah! Nikaelewa. Uchungu ni pindo. Unaanza huku, unafika kule, unakata uzi. Hakuna anayeshona gauni zima kwa mkupuo.

Uchungu ulinianza saa nne usiku, katikati ya Julai. Sikukimbilia getini safari hii. Nilipiga magoti nikakumbatia kiroba, nikashona pindo zangu. Mama mkwe alikuja kusaidia uzazi, akawa anakaa nyuma ananikandamiza kiuno kwa viganja kila mkazo ukija, na kati ya mkazo na mkazo nalegea kabisa, hata taya. Kulegea huko nilikuwa nimekufanyia mazoezi kuliko kuchuchumaa kote. Saa nane usiku, mikazo imekaribiana, tukaita bajaji. Matuta ya barabarani hayana pozi lake, nisikudanganye. Kwenye tuta la tatu nilimtukana dereva, akaniambia "pole mama" na kuendelea.

Wodini walinipima, njia imefunguka sentimita saba. Mkunga akauliza nimefikaje hapo kimya hivi. Nikataka kujibu, mkazo ukaja, nikapuliza chai. Waliniambia nipande kitandani nilale chali. Nikaomba nilale ubavu, mmoja akakunja uso kwamba wenye simu siku hizi wanajifanya wanajua, mwenzake akasema mwache. Nikabaki ubavuni. Kwenye kusukuma kelele nilipiga, tena moja kubwa, mama mkwe aliisikia kwenye benchi la nje. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu kasoro kidogo. Nilichanika kidogo. Mkunga aliposhika sindano nilimwomba akunje pindo zuri, mimi nitalikagua kifundi. Hakucheka, alikuwa amechoka.

Yule nesi mteja alipokuja kumwona mtoto nikaanza kuhubiri yoga. Akanikata: uzazi wa pili mara nyingi huwa mwepesi kuliko wa kwanza, usimpe mkeka sifa zote. Sawa. Nimempunguzia mkeka, lakini kiroba sikipunguzii.

Mama mkwe alikaa mwezi na nusu. Siku moja narudi kutoka kliniki namkuta sebuleni, magoti na viganja chini, anapandisha mgongo. "Kiuno," akasema, bila kugeuka. Nikamuuliza mbona kiroba sikioni. Akasema, kwani mimi nadhani maharage ya mchana yametokea wapi.