Kifuniko cha U-505

Kila ifikapo tarehe 4 Juni humkumbuka Ami, ijapokuwa siku tuliyokwenda Chicago kuitazama ile nyambizi ya Wajerumani ilikuwa ya baridi kali. Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia: foleni, tiketi, kisha ukumbi mkubwa wa chini ya ardhi ambamo U-505 imelazwa, chuma cha kijivu chenye urefu wa mita 76.

Ndani mlikuwa mkiishi watu 59, katika ujia ambao sisi tuliupita kwa kujibana. Ami, aliyezeekea katika vyumba vya injini vya meli za mizigo, hakuvutiwa na topido wala vitanda vilivyolaliwa kwa zamu. Alisimama pale mwongozaji alipotueleza kwamba tarehe 4 Juni mwaka 1944, mbali na pwani ya Afrika Magharibi, Wajerumani waliyafungulia maji ili chombo kizame kisije kikatekwa, wakakihama kikiwa bado kinazunguka. Na kwamba baharia wa Kimarekani, Zenon Lukosius, alishuka ndani, akakiona kifuniko cha tundu la maji, akakirudisha mahali pake.

Wageni wa nyuma yetu walianza kusukumana, naye hakujongea. Aliinama taratibu, akashika magoti, akayafuatisha mabomba kwa macho mpaka yanapopotelea sakafuni.

"Maji yanapanda," alisema, "na hajui kama pametegwa baruti." Akanyamaza kidogo. "Lakini na yule aliyekifungua, mwanangu, si naye alikuwa akifanya kazi yake?"

Sikuwa na jibu, na mwongozaji, ambaye bila shaka hakujua Kiswahili, alikwisha kufika kwa mateka 58 waliofichwa kambini Louisiana. Msalaba Mwekundu haukuarifiwa, na jamaa zao Ujerumani waliambiwa wamekufa, kwa kuwa Wajerumani wangejua vitabu vyao vya misimbo vimetekwa wangevibadilisha, na siku mbili tu baadaye majeshi ya Washirika, maadui wa Ujerumani, yangeshuka Normandy, pwani ya Ufaransa.

Tulipotoka, Ami alisema siri hiyo ilikuwa ya lazima. Tukiwa kituoni, akasema kwamba lau mmoja wao angekuwa mwanawe, asingewasamehe kamwe. Nilimwuliza ni lipi kati ya hayo analoliamini hasa. Akanijibu, kwa ukali kidogo, kwamba ni yote mawili, kisha akataka kujua kwa nini basi letu linachelewa.